Fundi Mavlon na Gari la Mkwe

Fundi Mavlon hakuwahi kukosea. Alilisema mwenyewe, na kwa kuwa alilisema kila siku kwa miaka thelathini na miwili, watu wa mji wa Khujand walichoka kubishana naye. Gereji yake ilikuwa uchochoro wa pili nyuma ya soko la Panjshanbe, kati ya muuza misumari na mwoka sambusa, na mlangoni hakutundika kibao. Kibao, alisema, ni cha mafundi wasiojulikana.

Yeye alijulikana kwa sikio. Gari likiletwa, hakumwuliza mwenyewe kitu. Alichukua mpini wa mforosadi uliokuwa zamani wa nyundo, ncha moja akaigusisha kwenye injini, ncha nyingine akaitia sikioni, akafumba macho. Wateja walinyamaza. Kisha Mavlon alifumbua jicho moja na kutamka ugonjwa, na ole wake mwenye gari ambaye angethubutu kuongeza neno. Magari ya kabureta ya zama za Warusi aliyajua kweli, tusimwonee. Angeweza kukutengenezea moja kwa waya wa uzio na mate.

Shida ni kwamba dunia ilimkimbia. Kutoka Ujerumani yakaja magari yaliyochoka, ya miaka ya tisini na kidogo, yasiyo na kabureta, ambayo mafuta yake hunyunyizwa na nozo na kupimwa na kisanduku cha umeme. Mavlon aliliangalia la kwanza kwa muda mrefu, kisha akatoa hukumu mbele ya mtaa mzima. "Kabureta ni ile ile," alisema. "Wameificha tu, maana Wajerumani ni wachoyo." Tangu siku hiyo akawa bingwa wa kitu alichokataa kujifunza, na hakuwa peke yake mjini kwa hilo, ila yeye alikuwa na sauti kubwa zaidi.

Sasa, binti yake wa mwisho, Dilafruz, alikuwa ameposwa na Farruh, mtoto wa Mwalimu Orif, anayesomesha jiografia. Mwalimu Orif ni mtu mpole ambaye akikanyagwa mguu huomba radhi yeye. Gari lake lilikuwa moja la hao Wajerumani, la kijivu, la mwaka tisini na moja. Vuli iliyopita, ili kuutia asali ukwe mpya, Mavlon alimfungia mtambo wa gesi kwa mikono yake mwenyewe: mtungi kwenye buti, bomba mpaka kwenye koo la injini. Kila mtu Khujand alikuwa akihamia gesi. Kufunga gesi ya namna ile kwenye gari la nozo kuna hatari moja. Asubuhi ya baridi injini ikipiga chafya, chafya hurudi nyuma kwa njia ya hewa, na mpira wowote uliopo njiani huipata. Mafundi wa gesi wanalijua hilo. Mavlon hakulijua, kwa sababu hakuwahi kumwuliza mtu.

Siku kumi kabla ya harusi, Mwalimu Orif alikuja na gari lake. Wakanywa chai vibakuli vitatu vya pialai kwanza, maana wakwe hawaanzi na shida. Walimaliza afya za wazee, bei ya mchele na hali ya aprikoti, ambazo zilikuwa zimechanua mapema mno. Ndipo Mwalimu akakohoa.

"Mkwe, gari hili lina ukaidi kidogo. Barabarani halina neno, mikono yako isipungukiwe. Ila likisimama tu, mngurumo unapanda, unashuka, linatetemeka, mara linajifia."

"Linajifia likisimama."

"Likisimama tu. Kwenye taa. Mlangoni kwa watu."

Wote wawili walitazama chini, kwa kuwa wote wawili walikuwa wamefikiria mlango mmoja. Katika mtaa wa Mavlon, gari linalokuja kumchukua bibi harusi halizimwi. Linasimama langoni likinguruma mpaka bibi harusi aagwe, alie, abusu mkate, apande. Injini ikizimika kabla hajapanda, wanawake hushika mashavu, na ndoa huanza na doa ambalo hata wajukuu watasimuliwa. Mwalimu Orif alikuwa na wapwa wenye magari mapya, lakini kumpelekea mkwe fundi gari la mtu mwingine kungekuwa sawa na kumwambia usoni kwamba kazi yake haifai. Kwa hiyo lazima liwe la kijivu, na lazima lisizimike.

"Unajua, mkwe," Mwalimu alianza, "Januari, asubuhi moja ya baridi kali..."

Mavlon aliinua kiganja. "Usiniambie. Mimi huambiwa na gari."

Mwalimu akaomba radhi na kwenda zake kwa miguu.

Mavlon akatwaa mpini wake, akasikiliza. Gari likapanda, likashuka, likajikwaa, likafa. Akaliwasha. Akasikiliza tena. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi sikio halikumwambia kitu. Mbele ya watu lakini alifumbua jicho moja na kusema, "Plagi."

Siku ya kwanza akabadilisha plagi. Siku ya pili zikawa waya za plagi. Siku ya tatu alizing'oa nozo zote nne akaziogesha kwenye beseni alilolichukua jikoni bila ruhusa, mkewe Salomat akamsema mpaka majirani wakafunga madirisha. Siku ya nne chujio la mafuta. Kila siku alitangaza kwamba amempata mwizi, na kila siku mwizi alikuwa bado ndani, anatetemesha taa za mbele.

Siku ya tano alifanya kile anachofanya fundi aliyeishiwa: alikaza skrubu ya sailensi, inayopanga mngurumo wa gari lililosimama, mpaka gari likiwa limesimama likapiga makelele ya mashine ya kusaga. Sasa halikufa. Lakini lilipolia namna hiyo, sinia za Hoshim mwoka sambusa zilihama zenyewe juu ya meza.

"Fundi!" Hoshim alipaza sauti kutoka tanurini. "Harusi ni ya binti yako au ya trekta?"

"Oka sambusa zako, mbea wee."

"Naoka, zinaruka! Alhamisi nitawaeleza wenzetu. Kwanza tuambie, limekufa mara ngapi wiki hii, tumtafute imamu?"

Alhamisi ndiyo siku yao ya gashtak, wanaume kumi na wawili wanaokula palovu, yaani pilau, kwa zamu nyumba kwa nyumba, na kabla mchele haujaiva humtafuna mwenzao mmoja kwa dhihaka. Mavlon alikuwa mtafunaji hodari. Alishamfanya muuza misumari aondoke akilia kwa kicheko na uchungu. Alijua watakavyomfanya yeye gari likizimika langoni kwake, siku ya harusi ya mwanawe, baada ya kukaa gerejini kwake wiki nzima. Usingizi ulimruka. Akairudisha skrubu mahali pake, na gari likarudia kujikwaa.

Zikabaki siku mbili. Ilikuwa saa nne asubuhi, boneti limefunguliwa, injini inapanda na kushuka, na Mavlon ameinama anapangusa juu ya mipira ileile aliyoipangusa jana, ili mtu akipita aone kazi. Akapita Hosiyat.

Hosiyat ni mmoja wa Wajugi, watu wa kuhamahama ambao wa mjini huwageuzia uso na kisha huwaita shida inapoingia ndani. Kila asubuhi huzunguka sokoni na kikaango cheusi chenye makaa na majani makavu ya ispandi, akifukiza maduka na wenye maduka dhidi ya husuda, apewe mkate au kitu kidogo. Wote humruhusu isipokuwa Mavlon. Miaka yote hiyo alimfukuza kwa maneno makali, akisema injini haina macho na hakuna jicho linaloweza kuidhuru, na akicheka wenzake wanaoning'iniza ispandi kwenye vioo vya magari.

"Fundi, gari la harusi hilo," Hosiyat alisema. "Nilifukize?"

"Potea."

"Linakohoa. Lina macho ya watu."

"Lina masikio yangu, yatosha. Potea na moshi wako, utaniletea masizi!"

Hosiyat hakupotea. Ni mwanamke aliyefukuzwa mara nyingi kiasi kwamba haharakishi tena. Alipitisha kikaango juu ya injini mara moja, mara mbili, akinong'ona maneno yake, na moshi mzito wa ispandi ukapanda kama moshi unavyopanda. Isipokuwa sehemu moja. Pale ambapo mpira mnene wa hewa unapinda kuingia kwenye koo la injini, moshi uliinama, ukashuka, ukaingia chini ya mpira, haukutoka. Injini ikabadilisha mlio kidogo, ikameza.

Hosiyat aliona. Mavlon aliona pia, na akamwona Hosiyat ameona.

"Moshi wangu umeingia wapi?"

"Upepo."

"Upepo gani huo unaingia tu, hautoki?"

Mavlon aliingiza mkono chini ya mpira, upande usioonekana, upande ambao wiki nzima hakuugusa kwa sababu alikuwa anapangusa wa juu. Kidole kikaingia kwenye ufa. Ufa wenye urefu wa kidole chenyewe, na injini ilipovuta, ukafunguka na kukinyonya. Hewa ilikuwa inaibwa hapo bila kupimwa, na gari halikujua linywe mafuta kiasi gani, ndiyo maana lilijikwaa. Mtoto wa shule angelielewa. Akazima, akapindua mpira. Kingo za ufa zilielekea nje. Mpira uliozeeka hupasuka kuingia ndani na kuchanika taratibu. Huu ulipasuliwa kutoka ndani, kwa mpigo mmoja, na kitu pekee ndani ya gari lile kinachoweza kupiga namna hiyo ni gesi aliyoifunga yeye.

Aliona haya, haya ya kweli, ile inayochoma masikio. Angeweza basi kufanya kitu rahisi. Duka la vipuri lipo hatua mia moja, mpira mpya ungekuwa mkononi kabla ya chai kupoa. Lakini muuza vipuri ni mpwa wa Hoshim, na Fundi Mavlon akinunua mpira wa hewa baada ya kutangaza plagi, waya, nozo na chujio, habari ingefika gashtak kabla yake. Kwa hiyo akachukua kipande cha tyubu ya baiskeli, akakivisha juu ya ufa, akakifunga kwa waya, na kukigeuzia chini, kisionekane. Akawasha. Gari likatulia. Likanguruma taratibu, na Mavlon badala ya kufurahi akatazama huku na huku.

Mwalimu Orif alikuwa tayari yuko mlangoni, kofia mkononi.

"Mashallah, mkwe! Limepona! Lilikuwa na nini?"

Hapa ndipo Mavlon angeweza kuwa mwanamume. Alifungua mdomo, akamwona Hoshim amesimama na koleo la tanuri, ametega sikio, na muuza misumari nyuma yake.

"Husuda," alisema.

Koleo la Hoshim lilianguka.

"Husuda, mkwe," Mavlon alirudia, kwa sauti ya mtu anayemeza mfupa. "Harusi kubwa, watu wanatazama. Nilijaribu kila kitu, kumbe ni jicho. Huyu mama amefukiza, na umesikia mwenyewe."

Mwalimu Orif alimtazama kwa namna ambayo baadaye Mavlon alikuja kuikumbuka. Kisha akainamisha kichwa. "Kama fundi amesema," alisema, "basi ni hivyo."

Hosiyat, aliyeona yote hadi kiraka, alipewa mikate miwili mizima. Aliipokea, akaipima kwa mkono, akasema, "Basi mimi ndiye niliyeponya," akaenda zake.

Siku ya harusi gari la kijivu lilisimama langoni dakika arobaini na tano, limefungwa mikanda ya rangi na mwanasesere juu ya boneti, na halikukohoa hata mara moja. Tarumbeta ndefu za karnai zililia, wanawake wakarusha peremende, Salomat akalia mpaka akazirai kidogo na kuamka. Dilafruz aliinama mbele ya baba yake apewe baraka. Mavlon alimgusa kichwa na kusema yanayosemwa, lakini macho yalikuwa juu ya boneti. Hata binti alipojiinua na kumtazama, alikuwa anasikiliza kiraka.

Alipata alichotaka kwa siku sita. Alhamisi iliyofuata walikula palovu na hakuna aliyemtafuna. Wakamsifu, kumbe ni kilemba cha ukoka. "Hata Fundi Mavlon amekubali ispandi," alisema Hoshim kwa unyenyekevu wa kutisha. "Miaka yote tulikuwa tunapoteza muda kwa mafundi."

Mji ukasikia. Kuna watu ambao wangeendelea kumwamini Mavlon hata akisema kabureta imejificha kwenye tairi, na watu hao ndio walioamini kwamba gari hupona kwa moshi. Wakaanza kupita gerejini kwake bila kusimama, moja kwa moja mpaka penye lango la soko, kwa Hosiyat. Naye hakuwa mjinga. Alikuwa ameona moshi unakwenda wapi. Alimwambia mwenye gari afungue boneti, awashe, kisha akakipitisha kikaango polepole juu ya kila mpira na kila kiungo, akinong'ona maneno yake ili wasilalamike, na kuangalia wapi moshi unanyonywa. Akiuona, alinyoosha kidole. "Jicho limepiga hapa. Nenda kwa fundi wa ng'ambo ya daraja, mwambie abadilishe hiki." Mpaka forosadi zilipoiva alikuwa ametafuta ugonjwa kwenye magari mengi kuliko Mavlon, na alikuwa amekosea mara chache zaidi.

Mavlon alikaa kwenye kigoda chake akinywa chai. Alitukana moshi asubuhi, akautukana mchana. Hakuna aliyembishia, na hilo ndilo lililomuuma.

Juni, Mwalimu Orif alikuja. Gari lilikuwa linajikwaa tena, Mavlon alilisikia likiwa bado uchochoro wa kwanza. Mwalimu alishuka na kitu kilichofungwa kwenye gazeti, wakanywa pialai tatu, wakaongea afya na bei ya mchele. Dilafruz hajambo, Mwalimu alisema. Anapika vizuri. Kisha akalifungua gazeti, na ndani yake mlikuwa na mpira wa hewa, mpya, bado una vumbi la chaki la kiwandani.

"Husuda imerudi, mkwe," alisema kwa upole wake uleule. "Nimepita kwa yule mama. Kasema imepiga chini ya mpira, penye tyubu ya baiskeli. Naomba unifungie huu."

Mavlon angefurahi kutukanwa. Mtu akikutukana, nawe unamtukana, mnapata pa kusimama. Mwalimu hakumtukana. Aliketi na kumimina chai ya wote wawili. Kazi ilichukua muda mfupi kuliko pialai moja: klipu mbili, mpira wa zamani ukatoka na kiraka chake. Akawasha, injini ikatulia.

"Mikono yako isipungukiwe," alisema Mwalimu.

"Mkwe," Mavlon alisema. "Haikuwa husuda. Ni gesi yangu iliyoupasua."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu Januari. Ilipiga kishindo, paka akahama nyumba. Tangu asubuhi ile likaanza kutetemeka."

"Na wewe umekaa kimya mpaka Juni! Kwa nini hukuniambia?"

"Nilianza kukuambia, hapahapa. Uliinua mkono." Mwalimu aliweka pialai chini. "Kesho yake nilitaka kurudi nikuambie kwa nguvu. Nilikuwa nimeshavaa kofia ili nitoke. Dilafruz akanijia shuleni."

"Dilafruz? Kwako? Kabla ya harusi?"

"Alijifunika uso, akasimama mlangoni mwa darasa wakati wa mapumziko. Mimi mwenyewe nilishtuka, maana mchumba haendi kwa baba mkwe. Alikuwa ameambiwa na Farruh juu ya kile kishindo. Akaniomba nisikwambie mpaka harusi ipite."

"Aliogopa nini?"

Mwalimu alikuwa mtu mwenye adabu, na sentensi iliyobaki haikuwa ya adabu.

"Alisema, 'Baba akiambiwa amekosea, atasema gari ni bovu. Kisha atasema mwenye gari ni mwongo. Kisha hatamwoza binti kwa mtoto wa mwongo.' Akalia. Nikamwahidi."

Mavlon alitazama mpira uliopasuka mkononi mwake.

"Kwa hiyo alijua ni mpira," alisema, kama mtu anayetafuta cha kushika. "Alikaa gerejini tangu utotoni, huenda alisikia..."

"Mpira hakuujua, mkwe," Mwalimu Orif alisema taratibu. "Alikujua wewe."

Akashukuru kwa chai, akavaa kofia, akaingia garini. Gari halikuwa limezimwa tangu mpira mpya ufungwe. Lilinguruma pale mlangoni, limetulia kabisa, na Mavlon hakuwa na la kulisikiliza.